Jeneza la Filamu Ghalani Kwetu

4 Septemba

Watu wa filamu wameingia kijijini leo. Malori yao yamejaza barabara kuanzia kanisani hadi kwa Dochia, jirani yetu, na ng'ombe wameshindwa kurudi zizini mpaka jua limezama. Ni filamu ya mambo ya kale, ya enzi zile bwana mmoja alipomiliki bonde zima na watu waliomo. Wametuchagua sisi kwa sababu nyumba zetu bado ni za mbao na barabara haijui lami. Kumbe ufukara nao una wateja wake. Tayari wameshusha madishi ya televisheni mapaani, na nguzo za umeme wamezivika magome ya miti. Dochia anasema tukae kwa adabu, wasije wakatuvika na sisi.

Mama mkwe wangu, Mama Palaga, aliwatazama kutoka getini, kisha akarudi ndani kumenya viazi.

6 Septemba

Nimeandikishwa kuwa mtu wa kujazia. Kazi yenyewe ni kusimama. Wametupaka matope usoni ili tufanane na maskini. Nilimwambia yule dada wa vipodozi kwamba angesubiri nimalize kukamua, angeyakuta matope tayari. Hakucheka.

10 Septemba

Mwongozaji wa filamu amekuja nyumbani. Anaitwa Bwana Sever, mtu wa mji mkuu wa Bukaresti, mrefu, koti limechanika kiwikoni lakini viatu ni vya bei mbaya. Alivua kofia mlangoni, nikampa maksi zake kwa hilo.

Akaeleza. Katika filamu, binti wa bwana mkubwa anampenda mtunza farasi. Mtunza farasi anapigwa risasi kwenye ghasia, na wanawake wa kijiji wanamlilia mbele ya jeneza. Bila tukio hilo, anasema, filamu nzima haina moyo. Walileta mwigizaji kutoka mjini, akajaribu, akashindwa. Bwana Sever mwenyewe anasema mwigizaji huyo alilia kama mtu aliyemwaga supu. Na kila alikouliza bondeni humu ametajiwa jina moja, Palaga.

Hawakumdanganya. Kwetu maiti hazikwi kimyakimya. Mwanamke mwenye kipaji husimama kichwani pa jeneza, humwita marehemu kwa jina lake, humwimbia maisha yake yote, na maneno huyatoa pale pale kifuani. Mama Palaga amewalilia wazee wa karibu kila nyumba unayoiona kutoka kwetu. Akimlilia mtu, hata waliokuwa hawampendi wanatafuta leso.

Ila sasa ni mwaka wa nne hajafungua kinywa msibani.

"Silii tena, bwana," alimwambia, huku akiendelea kusugua sufuria.

"Ni filamu tu, mama. Hakuna aliyekufa."

"Ndiyo maana."

Bwana Sever akanitazama mimi, kana kwamba nina ufunguo. Nikatazama dirishani.

11 Septemba

Leo naandika kirefu maana nina hasira, na hasira nikiimeza itanitia vidonda vya tumbo.

Mume wangu Gavrila ni mwana pekee wa Mama Palaga. Tulikuwa na mwaka wa pili wa ndoa alipokwenda Hispania kuchuma matunda, kisha akahamia kazi za ujenzi. Baadaye simu zake za nyumbani zikakatika. Wenzake wa chumbani walisema aliondoka asubuhi moja kutafuta kibarua bandarini, na hakurudi. Walituletea begi lake. Ndani mlikuwa na soksi, wembe na sanamu ndogo ya Mtakatifu Nikolai niliyompa mwenyewe. Mtu aliyetoroka mke hubeba begi lake. Mimi najua amekufa. Nilijua siku ile ile, nikalia wiki nzima mgongo ukiwa ukutani ili mama asisikie.

Mama hataki. Tangu siku hiyo hajamlilia mtu yeyote, na sababu aliniambia mara moja tu: "Nikifungua kinywa jina lake litatoka. Na likitoka, limetoka." Kwetu mtu aliyeliliwa na mama yake amekufa, hata akija kesho kugonga mlango.

Na asipoliliwa, yu hai. Baba Toader, padri wetu, amenielewesha mara nyingi huku akijikuna ndevu. "Mama yake akimlilia, nitamsomea sala za wafu, nawe utakuwa mjane, uolewe ukitaka. Sasa nimsomeeje sala mtu ambaye mama yake anamwandalia sahani?" Na ni kweli anamwandalia. Kila jioni mezani tuko wawili na sahani ni tatu. Nina miaka thelathini na moja. Si mke wala si mjane. Kwenye ngoma za harusi nakaa na vikongwe, nawashikia mikoba.

Na kuna Onu. Onu anaendesha lori la mbao, anakaa bonde la pili, mkewe alifariki zamani. Ameniuliza mara mbili. Mara ya pili alisema ataniuliza tena kabla ya mfungo wa Noeli, maana wakati wa mfungo hakuna ndoa, na baada ya hapo hatauliza tena. Hakusema kwa ubaya. Onu hana ubaya, ndiyo shida yenyewe, ningepata sababu ya kumkataa.

Kwa hiyo huyu Bwana Sever anapokuja kumwomba mama mkwe wangu alie, hajui ninavyomwombea afaulu.

15 Septemba

Mvua.

16 Septemba

Mvua. Filamu imesimama.

19 Septemba

Mvua bado. Watu wa filamu wamejazana kwa Dochia wanakunywa gongo ya plamu na kumsifia. Jeneza lao lilikuwa linalowa chini ya turubai, basi wameliomba ghala letu. Mama alilizunguka mara moja, akasema tu, "Likae mbali na nyasi za ng'ombe."

Sasa tunakamua kando ya jeneza.

23 Septemba

Kijana anayeigiza mtunza farasi, Raul, aliingia ghalani akajilaza ndani ya jeneza, eti anazoea. Mama Palaga akamkuta. Nilisikia kishindo, nikatoka, nikamwona Raul anakimbia uwanjani na mavazi yake ya kale, na mama nyuma yake na uma wa nyasi. Kwetu mzima halali mahali pa mfu. Anamwita mwenye zamu ya kufa.

"Unajua unamwita nani wewe?" alikuwa anamwambia. "Unajua atakayekuja ni wa nyumba gani?"

Dochia amecheka mpaka kilemba kimemwanguka. Mimi nilicheka pia, kisha nikamwona mama amekaa kwenye kizingiti, uma magotini, midomo imekuwa myeupe. Nikaenda kumpa maji.

2 Oktoba

Tumechuma plamu ndani ya mvua. Zimepasuka nusu. Onu amepita na lori kuwaletea watu wa filamu mbao za kutandika kwenye tope.

"Vipi nyumbani?" akaniuliza.

"Kama kawaida. Tuna jeneza."

"Nimesikia. Na mama?"

"Hajambo. Hataki."

Akatingisha kichwa, akanisaidia kubeba kikapu hadi getini. Pale akakiweka chini, hakuingia. Haingii kamwe.

6 Oktoba

Bwana Sever amerudi. Matukio mengine yote wameshapiga. Wakuu wake wamemwambia mwisho wa mwezi warudi mjini, kuwe na kilio kusiwe na kilio. Amezeeka kwa hii mvua, maskini. Alikaa jikoni kwetu akala ugali wa mahindi na jibini, na alipomaliza akasema, "Mama, sikuombi uigize. Mlilie yeyote unayemtaka."

"Ninayemtaka yu hai," mama akamjibu. "Ongeza maziwa, bwana."

11 Oktoba

Leo jua limetoka, na ni leo nimeharibu.

Mama hakungoja hata umande ukauke. Akatoa suti ya harusi ya Gavrila, akaitundika uani ipate hewa. Nikaenda kuigeuza, nikaona nondo wamekula bega lote. Nilisimama pale nimeishika, na sijui kitu gani kilinipanda. Nikamwita.

"Mama, njoo uone."

Akaja, akapapasa lile tundu. "Nitaliziba. Uzi ninao."

"Usizibe. Amekufa, mama."

"Umemwona?"

"Begi lake lilirudi."

"Begi si mtu."

"Miaka minne, mama. Mtu mzima anakaa miaka minne bila kuuliza kama mama yake anakula? Gavrila? Gavrila aliyekuwa analia ukikatwa na kisu kidoleni?"

Aliendelea kupapasa lile tundu. Angejibu ningenyamaza. Nikaendelea, na nikasema lile ambalo nilikuwa nimejiapia sitalisema. "Unamweka hai ili unifunge mimi. Ukimzika utabaki peke yako, na unaogopa. Basi, mimi ndiye kuni zako, mimi ndiye maji yako, na yeye ndiye kamba."

Mama akaishusha suti, akaikunja vizuri, mkono wa kushoto juu ya wa kulia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Geti halina kufuli, Voichita."

"Geti halina kufuli, lakini kijiji kina macho. Nikitoka bila wewe kumlilia, nitakuwa mwanamke aliyemtoroka mumewe. Unajua hivyo. Watanitemea mate kwenye ngazi za kanisa, na watamtemea Onu."

Jina lilikuwa limenitoka. Sikuwahi kumtaja Onu ndani ya ua ule.

Aliingia ndani na suti yake. Nilikaa uani mpaka jua likafunikwa tena. Nilitaka kuwa na haki, na haki nilikuwa nayo, na bado nilitamani kukata ulimi wangu.

12 Oktoba

Hatusemezani.

13 Oktoba

Hatusemezani. Mvua.

15 Oktoba

Amenisogezea chumvi bila kuniangalia.

17 Oktoba

Leo alasiri nilikwenda ghalani kuchukua nyasi. Mama alikuwa mle, amekaa kwenye kigoda mbele ya jeneza tupu. Mkono mmoja ameuweka juu ya kifuniko. Kwa mwingine ameuziba mdomo wake, ameuziba kwa nguvu, vidole vimezama mashavuni, na mwili mzima unamtikisika. Hakuna sauti iliyotoka, hata ya pua.

Nilirudi nyuma taratibu. Miaka yote hii nilidhani ni ukaidi, kwamba kwake kunyamaza ni rahisi na mimi ndiye ninayeteseka. Sikujua kwamba anashika kitu kizito hivyo kila siku, na anakamua, na anapika, na ananiuliza kama nimevaa soksi za sufu. Nimejiona mdogo.

Lakini bado nataka alie. Niandike ukweli. Nimemwona vile, na bado nataka.

20 Oktoba

Asubuhi, akikoroga ugali, mama akasema, "Mwambie yule bwana nitakuja."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Jeneza liwe tupu," akaongeza. "Yule mtoto wao asiingie. Na wasinipake matope."

Nilikimbia hadi kwa Bwana Sever bila kilemba kichwani. Alinishika mikono yote miwili. Kutoka kwake nikaenda kwa Baba Toader. Amesema atakuja na joho lake la sala, amsomee Gavrila siku hiyo hiyo, pale pale kaburini pa babu zake.

Basi imekwisha. Nimefurahi, na furaha yenyewe naionea haya.

24 Oktoba

Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Mvua ilikatika alfajiri, mawingu yakabaki chini juu ya vilima. Walitupanga uwanja wa kanisa na mavazi yetu ya kale na mishumaa. Mimi niliwekwa ubavuni pa jeneza, Dochia kando yangu. Nyuma ya taa zao kubwa nilimwona Baba Toader, joho amelikunja kwapani. Onu alikuwa kando ya lori, kofia mkononi.

Mama Palaga alikuja na nguo zake mwenyewe, zile nyeusi za msibani ambazo hakuzivaa tangu Gavrila anyamaze. Akapita katikati ya kamera kana kwamba ni mbuzi wa jirani. Akasimama kichwani pa jeneza tupu, akashika ukingo kwa mikono miwili.

Nilikuwa nangoja jina. Nilikuwa nimekaza meno, maana nilijua likitoka litanipiga, hata kama nililingoja miaka minne.

Akaanza chini, karibu kuongea.

*Voichita, binti yangu wa kupokea,*
*sikukuzaa, nilikufungulia geti,*
*ulikuja na kiangazi, ndoo zangu zikakujua.*

Dochia akanishika mkono. Nta ya mshumaa wake ikanimwagikia, sikuhisi. Wanawake wote walikuwa wameshageuza nyuso kunitazama, maana sisi tunazijua sauti hizi. Kuna kilio cha mfu, na kuna kilio cha bibi harusi. Binti akitolewa kwao, mama yake humlilia mlangoni, na akishamlilia nyumba haina dai tena juu yake. Sauti zinakaribiana, mgeni hawezi kuzitenganisha. Mama Palaga alikuwa analia ile ya bibi harusi.

*Nani atapasua kuni? Usiulize, nitapasua.*
*Nani atazima taa? Usiulize, gizani najua njia.*
*Nilikuazima kwa ajili ya mwanangu,*
*mwanangu amechelewa, nakurudisha ungali mzima.*
*Toka, binti, kwa mguu wa kulia,*
*huzuni yangu usiitie sandukuni mwako,*
*si yako hiyo, niachie mwenyewe.*

Alilia kwa muda mrefu. Alinisifu mpaka nikaona haya. Alisema vitu nilivyodhani hakuviona: kwamba nilimwosha miguu alipougua, kwamba nililia nikiegemea ukuta na yeye akiwa upande wa pili wa ukuta huo huo. Jina la Gavrila hakulitaja. Sauti yake ilipofika mahali ambapo lilitakiwa kutoka, alikuwa anavuta pumzi, kisha anaendelea.

Mimi sikuwa naigiza. Nililia mpaka Dochia akanishika kwapani.

Bwana Sever alisimamisha kamera. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila aibu.

"Nilidhani atamlilia kijana," alikuwa anawaambia watu wake. "Kumbe anamlilia msichana anayebaki. Ni bora zaidi, ni bora mara mia." Akaja kwa mama, akambusu mkono. "Turudie mara moja tu, mama. Kamera ihamie upande ule."

"Bibi harusi hatolewi mara mbili, bwana," Mama Palaga akasema, akaenda zake kukamua.

Baba Toader alinijia na joho lake bado kwapani. "Hii haimo kwenye vitabu vyangu," akasema. Akajikuna ndevu. "Mjane siwezi kukuita. Lakini na mimi nina masikio, nimesikia, na kijiji kizima kimesikia. Hakuna wa kukutemea mate. Kukufungisha ndoa sitaweza. Mwambie Onu asiniulize, ili nisilazimike kumjibu."

Nilitaka amzike mwanawe ili mimi niishi. Hakumzika, na ameniacha niishi. Sikujua njia hiyo ipo. Alikuwa na kazi ya kuitafuta peke yake, siku zote zile tulizokuwa hatusemezani.

Jioni akaandaa meza. Sahani zilikuwa mbili, yake na ya Gavrila. Nikabaki nimesimama na kijiko mkononi.

"Mimi sili, mama?"

"Wewe ni mgeni sasa," akasema. Akapanda kigoda, akaniteremshia kutoka juu ya kabati lile bakuli la maua tunalowapa wageni.

27 Oktoba

Watu wa filamu wameondoka. Jeneza wamelichukua. Ghala linaonekana kubwa mno.

1 Novemba

Nimepasua kuni za majira yote ya baridi. Mama amesimama mlangoni ananitukana. "Nimekwambia nitapasua mwenyewe, una masikio au una masufuria?" Nikaendelea kupasua.

8 Novemba

Onu aliniuliza mara ya tatu, nikakubali, na leo alikuja kunichukua. Safari hii aliingia getini. Mama alimpa kikombe cha gongo, akamkagua juu mpaka chini, akamwambia akate kucha. Mimi akanipa mto na soksi.

Sikugeuka nyuma. Bibi harusi hageuki. Lakini kwenye kioo cha pembeni cha lori niliona ametoa ile suti, anaikung'uta.

12 Novemba

Theluji ya kwanza, huku kwa Onu imeanguka nene. Mfungo unaanza wiki hii. Nyumba ina joto, Onu ni mwema, anatembea kwa kunyata utadhani mimi ndiye mgonjwa. Leo fundi ametuunganishia simu. Nikampigia mama kumwambia nimetulia.

Akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Gavrila?"

Kwenye waya nilisikia anavuta pumzi, anangoja.

"Ni mimi, mama."

"Aa. Ni wewe. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Haya, kata basi, mwanangu. Usije ukamzibia njia."